Saa moja kwa uzi mmoja



Najua nimepotea. Wengine mlinitumia ujumbe kuuliza kama nimedisko, wengine mkasema labda bumu limetoka nikakimbilia mjini... Hapana jamani, nilikuwa TP. Wiki nane Morogoro, mimi na mwenzangu wa chumba. Tulipangiwa mji mmoja ila shule tofauti, tukakodi chumba kimoja uani kwa mama mmoja mkarimu sana. Sasa nimerudi kampasi, kitanda nimepata, wali maharage wa kantini nimekula, na nina jambo la kuwasimulia. Linahusu fidla. Ndiyo, fidla, na mzee mmoja wa Italia aliyefariki mwaka 1770. Vumilieni, mtaona nilikutana naye vipi.

Kisa chenyewe kinaanzia ubaoni. Wiki ya pili tu, msimamizi kutoka chuoni akaja kunikagua. Somo la siku ile: ngeli za nomino. Sasa mimi si mnanijua, desa lote la isimu liko kichwani. Nikajisemea, leo huyu mzee ataondoka akijua kwamba amekutana na mtu. Nikaanza na Meinhof, yule Mjerumani wa ngeli za Kibantu. Nikachora jedwali la viambishi ubao mzima. Nikaja na mgawanyo wa upatanisho wa kisarufi, A-WA, KI-VI, LI-YA, nikazilinganisha njia zote mbili, nikaonyesha wapi zinagongana. Dakika 38 sijapumua, chaki zimekatika tatu. Nikageuka kwa madaha: "Kuna swali?"

Binti mmoja wa dawati la nyuma kabisa akanyoosha kidole, akasimama taratibu. "Samahani mwalimu. Ngeli ni nini?"

Darasa halikucheka. Hilo ndilo lililoniuma. Wangecheka, ningejua ni yeye peke yake aliyepotea.

Msimamizi alinisubiri nje chini ya mwembe. Hakunifokea. Alisema tu, "Kijana, somo unalijua. Ila leo umejifundisha mwenyewe." Alama alizonipa siziandiki hapa, dada yangu huwa anasoma.

Usiku ule nilimwambia mwenzangu kwamba mimi basi. Tukirudi chuo naulizia kuhama kozi, na ikishindikana namaliza digrii nakwenda kutafuta kazi ya kukaa kwenye kiti, mahali ambapo hakuna mtoto wa kunyoosha kidole.

Huyu mwenzangu ni mtoto wa Unguja, anasoma ualimu wa hisabati, na baba yake mdogo ni mpiga fidla wa taarabu. Alikuja Morogoro na begi moja la nguo na boksi la fidla. Hakunijibu kitu. Alichukua simu, akaiegemeza kwenye sufuria, akasema, "Sikiliza hii kwanza, yakhe."

Ilikuwa sonata ya fidla. Mwanzo ni taratibu, huzuni tupu, kama mtu anayeongea peke yake barazani baada ya magharibi. Halafu ikachangamka. Halafu sehemu ya mwisho... jamani. Jamaa alikuwa anapiga nyuzi mbili kwa wakati mmoja. Uzi mmoja ulikuwa unatetemeka bila kukoma, kidole kinaugonga haraka haraka hivi kwamba noti mbili jirani zinapokezana mpaka sikio linasikia mtikisiko mmoja mrefu. Waitaliano wanauita trillo, mimi nitauita trili. Sasa huku kidole kile kikiendelea na trili yake, vidole vingine vya mkono uleule vilikuwa vinapiga wimbo mwingine kwenye uzi wa jirani. Mkono mmoja, kazi mbili, na hakuna hata moja iliyosimama.

Nikamwambia, "Huyu ni mimi ubaoni. Anajionyesha tu."

Akacheka. "Mtunzi wake anaitwa Tartini. Unajua alisema nini kuhusu hiyo sonata?"

Basi bwana, nikasimuliwa. Na kwa vile mimi ni mtu wa kufukua, wiki zilizofuata nikawa nasoma kila ninachopata kuhusu fidla za zama zile zinazoitwa Baroko, yaani kuanzia kama mwaka 1600 hadi katikati ya karne ya 18. Nitawapa kwa ufupi.

Giuseppe Tartini alizaliwa mwaka 1692 Pirano, mji wa pwani ambao siku hizo ulikuwa chini ya Venice na leo uko Slovenia. Wazazi walitaka awe mtawa. Yeye akaenda Padua kusoma sheria, na inasemekana alipenda zaidi kupigana kwa panga kuliko vitabu. Mwaka 1710 akaoa kwa siri, ukazuka ugomvi mkubwa, akakimbilia kujificha kwenye nyumba ya watawa huko Assisi. Huko ndiko alikojikita kwenye fidla.

Na ndoto je? Yeye mwenyewe alimsimulia mwanafalaki Mfaransa, Lalande, ambaye aliiandika katika kitabu chake cha safari za Italia kilichotoka mwaka 1769. Kwamba usiku mmoja wa mwaka 1713 aliota ameweka mkataba na Shetani. Kila alichotaka alikipata. Mwishowe akampa Shetani fidla amjaribu kama anaweza chochote, na Shetani akapiga sonata nzuri kupita kiasi, mpaka Tartini akakosa pumzi akaamka. Akaikamata fidla yake palepale ili angalau abakize kipande cha alichosikia. Hakuweza. Sonata aliyoiandika aliiona kuwa bora kuliko zote alizowahi kutunga, lakini ikawa mbali sana na ile ya ndotoni, kiasi kwamba angevunja fidla na kuachana na muziki moja kwa moja kama angekuwa na njia nyingine ya kuishi.

Nilimwambia mwenzangu arudie hapo mwisho. Akarudia. Nikanyamaza.

Maana mimi nilikuwa nimesikia sonata ya mtu anayejionyesha. Kumbe kwa mwenyewe ilikuwa kumbukumbu ya kushindwa. (Niongeze kwamba wataalamu wengi wakiutazama mtindo wa sonata hiyo wanaona iliandikwa miaka mingi baada ya 1713, na haikuchapishwa mpaka mwishoni mwa karne ile, mwenyewe keshafariki. Ndoto inaweza kuwa ya kweli na tarehe ikawa ya mashaka. Lakini maneno ya kutaka kuvunja fidla mzee hakuyafuta.)

Kuna kisa kingine. Inasimuliwa kwamba mwaka 1716 Tartini alimsikia Veracini akipiga fidla huko Venice. Veracini alikuwa moto wa kuotea mbali, na hasa mkono wake wa upinde. Tartini akaona haya. Akampeleka mkewe kwa ndugu zake, yeye akajifungia mjini Ancona kujifunza upya jinsi ya kuutumia upinde. Ana miaka 24, fidla anaijua, halafu anarudi kuanza na jinsi ya kushika kijiti.

Kwa ambao hamjawahi kuigusa, fidla ina nyuzi nne, na upinde ni kijiti kilichovutwa nywele za mkia wa farasi. Siku zile nyuzi zilikuwa za utumbo wa kondoo. Upinde ulikuwa mwepesi kuliko wa leo. Kile kibao cha kuegemezea kidevu kilikuwa bado hakijabuniwa, kwa hiyo mkono wa kushoto unaoruka juu na chini ya shingo ya fidla ulikuwa pia unasaidia kuishikilia isidondoke. Kila ufundi ninaousimulia hapa ulifanyika hivyo.

Na sonata? Ni mpiga fidla pamoja na wasindikizaji, mara nyingi hapsikodi na chelo. Kwenye karatasi msindikizaji anaandikiwa mstari mmoja tu wa sauti ya chini wenye tarakimu juu yake. Zile sauti nyingine za mkono wa kulia anazijaza mwenyewe kwa ujuzi wake. Na mpiga fidla naye, kwenye sehemu za polepole, anapewa mifupa, nyama ataweka mwenyewe. Arcangelo Corelli alitoa sonata 12 Roma mwaka 1700, ndizo zile za Opus 5, na zikasambaa Ulaya yote. Sehemu za polepole zilichapwa noti chache tu. Mwaka 1710 mchapaji wa Amsterdam, Estienne Roger, akatoa toleo lenye mapambo yaliyoandikwa, akisema ndivyo Corelli mwenyewe alivyozipiga. Ukizitazama kurasa mbili hizo, huwezi kuamini ni wimbo mmoja. Moja ni mti wakati wa kiangazi, nyingine ni mti uleule baada ya masika.

Hapo mwenzangu akaniuliza swali la kiualimu hasa. "Sasa Corelli alikosea wapi? Kutoandika yale mapambo, au yule mchapaji kuyaandika?"

Sikuwa na jibu. Bado sina.

Halafu kuna Biber. Heinrich Biber, mzaliwa wa Bohemia, alifanya kazi kwa askofu mkuu wa Salzburg. Kwenye miaka ya 1670 aliandika sonata 15 zinazofuata mafumbo ya Rozari, kutoka Bikira Maria kupashwa habari hadi kutawazwa kwake mbinguni. Mwishoni kuna kipande cha 16 cha fidla peke yake, kilichojengwa juu ya noti nne zinazoshuka, zilezile, tena na tena. Ajabu ya Biber ni hii: ukiacha sonata ya kwanza na kile kipande cha mwisho, sonata nyingine zote 14 kila moja inataka fidla ikazwe nyuzi kwa namna yake. Waitaliano wanaiita skodatura. Maana yake ni kwamba mpiga fidla anasoma noti moja, anaweka kidole pale alipozoea, lakini sauti inayotoka ni nyingine kabisa! Macho yanasema hivi, masikio yanasema vile, na yeye anatakiwa aendelee na safari.

Na sonata ya 11, ya Ufufuko, ndiyo imepita zote. Nyuzi mbili za katikati zinapishanishwa, moja inapita juu ya mwenzake, nyuma ya daraja la fidla na tena kule juu kwenye vigingi. Zikipishana zinafanya alama ya msalaba juu ya mwili wa fidla.

Nilikaa na hilo siku mbili. Kwa sababu mtu aliyekaa nyuma kanisani hauoni ule msalaba. Anasikia sauti ya fidla yenye mlio ambao fidla ya kawaida haina, anasikia Pasaka, basi. Taabu yote ya kupishanisha nyuzi na kusoma noti zinazodanganya inabaki kwa mpigaji. Msikilizaji hapelekewi taabu, anapelekewa Pasaka. Mimi darasani kwangu niliwapelekea watoto taabu yote, jedwali na Meinhof wake, na Pasaka sikuwapa.

Turudi kwa Tartini, maana ndiye aliyenifungua macho.

Mwaka 1721 alipata kazi ya kuongoza wapiga fidla kwenye Basilika la Mtakatifu Antoni, Padua, na miaka hiyohiyo ya 1720 akaanzisha shule ya fidla. Wanafunzi walitoka sehemu nyingi za Ulaya mpaka shule ikaitwa shule ya mataifa. Yaani huyu mtu wa Shetani na trili alikuwa mwalimu mwenzetu, na alifundisha karibu maisha yake yote!

Alikuwa na mbinu moja ambayo mwenzangu, kwa vile ni mtu wa hisabati, aliipenda mno. Ukipiga nyuzi mbili kwa nguvu, na zikiwa zimelingana sawasawa, sikio linasikia sauti ya tatu ya chini, ambayo hakuna uzi unaoipiga. Tartini aliigundua ujanani akiwa Ancona, akaja kuitumia na wanafunzi wake: usiposikia sauti ya tatu, vidole vyako havijakaa mahali pake. Hahitajiki mwalimu wa kukuambia umekosea, sikio lako lenyewe ndilo msimamizi. Mwenzangu akanipigia hesabu nyuma ya daftari: uzi mmoja mitetemo 440 kwa sekunde, wa jirani 660, tofauti yake 220, na hiyo ndiyo sauti inayosikika. Kisha akachukua fidla akazipiga zote mbili. Mwanzo sikusikia. Akaniambia nisogee. Nikasogea... na kweli jamani, kulikuwa na kitu chini kinaunguruma, kama gari lililosimama barabarani nje. Nilichungulia dirishani kuhakikisha. Hakukuwa na gari.

Sasa barua.

Venice ilikuwa na nyumba nne kubwa zilizopokea yatima na maskini, ambako wasichana walifundishwa muziki wa hali ya juu. (Vivaldi alifundisha kwenye mojawapo.) Kwenye nyumba iliyoitwa Mendicanti kulikuwa na binti anaitwa Maddalena Lombardini, aliyeingia akiwa mtoto wa miaka 7. Mwezi Machi 1760 alikuwa na miaka 14. Tartini alikuwa na 67, yuko Padua. Akamwandikia barua ya somo la fidla. Barua hiyo ipo, ilichapishwa mwaka 1770, na mwaka uliofuata Charles Burney akaitoa kwa Kiingereza huko London.

Hebu fikiria. Mpiga fidla mkubwa, mwenye sonata ile, anamwandikia binti mwenye kipaji. Ungetarajia aanze na nini?

Anaanza na upinde. Anamwambia kazi yake ya kwanza ni kujua kuushika, kuusawazisha, na kuuegemeza kwenye uzi kwa wepesi, ili sauti ya kwanza izaliwe kama pumzi. Itoke kwa kusuguana, isitoke kwa kupigwa kama nyundo inavyogonga. Upinde uguse kwanza, halafu ndipo ukandamizwe kidogo kidogo. Mazoezi yafanyike kwenye uzi mtupu, bila kidole chochote: anza kwa sauti ndogo kabisa, ikuze polepole mpaka kubwa kabisa, upinde ukishuka na upinde ukipanda. Muda? Angalau saa moja kila siku, lakini kwa vipande, kidogo asubuhi kidogo jioni. Anamwambia zoezi hilo ndilo gumu na la maana kuliko yote.

Saa moja kwa uzi mmoja mtupu!

Baada ya hapo ndipo anakuja kwenye wepesi wa kifundo cha mkono, na hapo anamtuma kwa Corelli, kwenye zile sehemu za haraka za Opus 5. Kila siku moja, kila mara haraka zaidi kidogo, mara kwa ncha ya upinde, mara karibu na katikati. Kisha mkono wa kushoto kuhama nafasi. Na mwisho wa barua, mwisho kabisa, ndipo inakuja trili. Na trili yenyewe anataka ijifunzwe pole, halafu ya wastani, halafu ya haraka, isianzwe kwa haraka. Mtu ambaye dunia inamjua kwa trili ya Shetani, trili aliiweka mwisho, na akataka ianze polepole.

Nilimwomba mwenzangu anipe fidla. Alisita, kisha akanipa. "Usiubane upinde, yakhe. Ushike kama umeshika kifaranga. Ukilegeza kitakimbia, ukibana kitakufa."

Nikaweka upinde kwenye uzi wa pili, nikavuta.

Sauti iliyotoka, Mungu anisamehe. Paka aliyekanyagwa mkia ana afadhali. Nikajaribu tena, nikaongeza nguvu, ikawa mbaya zaidi. Dakika tano hivi tukasikia hodi, mama mwenye nyumba: "Wanangu, mna mgonjwa humo ndani?" Mwenzangu alicheka mpaka akakaa chini. Akamjibu, "Hapana mama, shikamoo. Ni mwalimu anajifunza." Mama akasema marahaba, akaondoka, ila nilimsikia akiguna.

Kilichonishangaza si ubaya wa sauti, maana huo niliutegemea. Nilishangaa kwamba kosa langu lilikuwa lilelile kila mara: nilitaka sauti kubwa kabla upinde haujaugusa uzi. Mwenzangu aliliona kabla yangu. Akanishika kiwiko: "Gusa kwanza. Tulia. Halafu vuta." Nikagusa. Nikatulia. Nikavuta... ikatoka noti. Ndogo, imepinda pembeni, sekunde tatu labda, lakini noti. Nikamtazama kama mtoto aliyeona treni kwa mara ya kwanza.

Nilifanya hivyo jioni nyingi. Saa nzima sikuifikia hata siku moja, nyingi zilikuwa dakika 15 na mkono unawaka moto. Mpiga fidla sijawa, na sitakuwa. Ila nilianza kuelewa kwa nini mzee alisema hilo ndilo gumu kuliko yote. Kwenye mbio makosa yanajificha. Noti 100 kwa pumzi moja, nani atajua ipi ilipinda? Uzi mtupu hauna pa kujificha. Mimi pale ubaoni nilikimbia dakika 38, na sasa najua nilikuwa namkimbia nani. Nilimkimbia yule binti wa nyuma, nisije nikasikia swali lake.

Wiki ya saba nilirudi kwenye ngeli. Hakuna aliyenilazimisha, kwenye andalio la somo tulikuwa tumeshavuka. Msimamizi hakuwepo, alama zangu zilishaandikwa na zitabaki hivyohivyo. Niliingia darasani nikaandika ubaoni neno moja: mtu. Nikaweka chaki mezani. Nikauliza, wakiwa wengi tunasemaje? Watu. Na kiti? Viti. Sasa kwa nini hatusemi "wati"? Nikanyamaza.

Jamani, kunyamaza mbele ya vijana 60 na ushee ni kazi nzito kuliko jedwali la Meinhof. Ule ukimya ulikuwa mrefu, mikono ilikuwa inaniwasha kuchukua chaki. Kisha kijana mmoja akasema, "Kwa sababu kiti si mtu." Wakacheka. Nikamwambia endelea. Akakwama. Yule binti wa nyuma akasema, hajanyoosha hata kidole, "Ni kama kila jina lina ukoo wake, mwalimu. Linaongea kama ukoo wake."

Sikumwambia kwamba ndiyo. Nilimpa chaki aje aandike koo anazozijua. Alipata nne, moja akaikosea. Kipindi kikaisha tuko hapohapo, hatukufika hata nusu ya nilichofundisha siku ile ya kwanza.

Huyo Maddalena, kama mnataka kujua, alitoka Mendicanti, akaolewa na mpiga fidla mwaka 1767, mwaka 1768 akapiga Paris, mwaka 1771 akapiga London, na akachapisha matamasha ya fidla na kazi za vyombo vinne vya nyuzi alizotunga mwenyewe. Siwezi kusema ni barua ile iliyomfikisha huko. Alikuwa na kipaji na walimu wengine pia. Najua tu kwamba alipokuwa na miaka 14 mtu mkubwa alimwambia aanze na uzi mtupu, na hakuona kwamba anamdharau.

Fomu ya kuhama kozi ninayo, imekunjwa ndani ya daftari la isimu. Sijaijaza. Sijaichana pia, nisiwadanganye. Mwaka wa tatu unaanza Jumatatu, na mwenzangu ameshaanza kugombana na watu wa chumba cha pili kuhusu kelele. Mkipita koridoni kwetu jioni mkasikia paka analia, msiite mlinzi. Ni mimi, niko kwenye uzi wa pili.

Alamsiki.